Mwezi Mmoja Bila Kuruka Wimbo

Mpwa wangu wa miaka tisa alinikuta naosha vyombo huku naimba. Wimbo wenyewe ulikuwa Three Little Birds wa Bob Marley, ule wa ndege watatu mlangoni, ambao nimekuwa nikiuimba tangu sijajua maana ya maneno yake. Akasimama akanisikiliza mpaka nikanyamaza, kisha akauliza: "Mjomba, unaishaje?"

Nikaimba kiitikio tena, nikamwambia ndivyo unavyoisha. Akakataa. Hapo ni katikati, akasema, mwisho wake ndio upi? Nikautafuta kichwani, sikuupata. Wimbo ninaouita wangu kwa zaidi ya miaka 20, mwanzo wake naujua, kiitikio naweza kukiimba usingizini, lakini mwisho sina. Usiku ule nilipojichunguza nikaiona sababu. Kiitikio kikishapita mara mbili, kidole kinakwenda kwenye simu, nabonyeza, unaingia wimbo mwingine. Sijawahi kuungoja ule uishe.

Kesho yake nilijipima. Niliwasha muziki kama kawaida yangu, karatasi pembeni: kila wimbo ninaouanza natia alama, kila ninaoumaliza natia alama nyingine. Kwa saa moja nilianza nyimbo 23, nikamaliza 4. Na kati ya hizo nne, mbili zilimalizika kwa sababu nilikuwa naongea na mtu, mkono haukuwa na nafasi. Niliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Saa nzima nilikuwa nachagua. Kusikiliza kwenyewe hakukupata zamu.

Nikaamua: siku 30, kila jioni albamu moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio uleule waliouweka wenyewe. Simu ibaki chumba kingine, muziki utoke kwenye kompyuta na spika mbili za zamani. Nikae kitini, nisishike kazi nyingine. Na kwa kuwa tatizo langu lilikuwa kuchagua, basi nisichague. Niliwaomba ndugu na marafiki waniandikie kwenye vikaratasi majina ya albamu wanazozipenda, nikavikunja nikavitia kwenye bakuli. Jioni naingiza mkono, kikaratasi kitakachotoka ndicho hicho, hakuna kurudisha. Pembeni nikaweka daftari la kuandika mistari michache kabla ya kulala.

Jioni ya kwanza ilitoka Kind of Blue ya Miles Davis. Vipande vitano, dakika 45 hivi. Nilishukuru, nikaona nimeanza na nyepesi: muziki mpole, hauna maneno, hauna fujo. Kumbe ndiyo ilikuwa jioni ngumu kuliko nyingi zilizofuata. Dakika ya tatu mkono uliingia mfukoni kutafuta simu isiyokuwamo. Dakika ya sita nikakumbuka barua niliyokuwa sijaijibu, nikaanza kuitunga. Mguu ukawa unatikisika, na haukuwa unafuata mdundo. Mwili ulikuwa umezoea kuondoka kila baada ya dakika mbili, sasa unazuiwa, unalalamika. Niliandika hivi: "Nimekaa mpaka mwisho. Kipande cha tatu sikumbuki hata noti moja."

Baada ya kusikiliza, ndipo nilipojiruhusu kusoma habari za albamu. Hii ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili 1959, na Miles alikuja na dondoo za muziki ambazo wenzake hawakuwa wamezifanyia mazoezi. Siku ile ya kwanza mashine ya kurekodia ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Matokeo yake, upande wa kwanza wa santuri ukawa unapigwa haraka kidogo na sauti zimepanda, na ukabaki hivyo zaidi ya miaka 30 mpaka matoleo ya miaka ya 1990 yaliporekebisha. Nilikaa na jambo hilo. Watu wangapi duniani waliipenda, wakaikariri, wakajifunzia ala zao, na kosa limo ndani, wala halikuwapunguzia kitu? Mimi ninayekimbia wimbo kwa sababu utangulizi wake umekuwa mrefu, nilijiona mchanga sana mbele yao.

Nilitaka pia kujua kwa nini albamu nyingi kwenye bakuli zilikuwa za dakika 35 hadi 45. Jibu liko kwenye santuri yenyewe. Zile za kale, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Siti binti Saad aliposafiri mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, taarabu ambayo mbele ya wasikilizaji huweza kwenda kwa muda wake, ilibidi ikatwe itoshe kwenye sahani. Santuri kadhaa za kazi moja zilitiwa kwenye kitabu chenye mifuko, kama kitabu cha picha, na hapo ndipo jina albamu lilipotoka. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa santuri ndefu, inayozunguka mara 33 na theluthi, yenye dakika zaidi ya 20 kila upande. Kwa hiyo zile dakika 40 ni pande mbili za sahani moja, na katikati mtu anainuka kuigeuza. Waliokulia kwenye muziki wa dansi wanaijua geuza hiyo hata kwenye santuri ndogo: wimbo unafifia upande wa kwanza katikati ya utamu, unageuza, unaukuta unaendelea upande wa pili.

Kuanzia siku ya tano nikaanza kuheshimu ile geuza. Nilitafuta kila albamu ya zamani upande wa kwanza uliishia wapi, nikifika hapo nasimamisha, nainuka, natembea chumbani dakika mbili, narudi. Jambo dogo, lakini sasa nilianza kusikia kwamba wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza huwa na kazi yake, na unaofungua upande wa pili una kazi nyingine. Ukizipanga mstari mmoja kwenye kompyuta hilo halisikiki.

Ila nimeruka siku ya nne, nayo siwezi kuiacha. Bakuli lilitoa A Love Supreme ya John Coltrane: sehemu nne, dakika 33, zilizorekodiwa tarehe 9 Desemba 1964. Aliyeandika kikaratasi kile ni rafiki yangu mpiga piano, na nyuma yake alikuwa ameongeza maneno mawili: "Tafuta shairi." Nikatafuta. Ndani ya jalada Coltrane alichapisha shairi lake la kumshukuru Mungu, na katika sehemu ya nne, iitwayo Psalm, analisoma shairi hilo lote kwa saksofoni, silabi kwa silabi, bila kufungua kinywa. Nililichapisha nikakaa nalo magotini. Mara ya kwanza nilipotea kwenye mstari wa tatu. Kanuni zangu zilikataza kuruka mbele, hazikukataza kurudi nyuma, nikarudi. Mara ya pili nilimshika. Kidole kwenye karatasi, saksofoni sikioni, na pale mstari unapofika kwenye kumshukuru Mungu, sauti inashuka na kutua palepale ilipotua awali, tena na tena.

Nilipokuwa mdogo nimewahi kusikia utenzi ukisomwa kwa ghani, yule msomaji anavuta silabi moja, anaibana nyingine, lakini mizani haipotei. Hicho ndicho nilichokisikia, ghani iliyopitia kwenye shaba. Albamu hiyo nilikuwa nimeisikia vipande vipande pengine mara 10 maishani, nikidhani ile sehemu ya nne ni mtu anayepuliza anavyojisikia. Alikuwa anasema maneno, yote, moja baada ya lingine. Niliandika ukurasa mzima usiku ule.

Wiki ya pili ilikuja na What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971. Nyimbo tisa, dakika 35 hivi. Nyimbo zake kadhaa nilikuwa nazo kwenye orodha zangu, na siku zote nilikuwa nikiona zinaanza kwa namna ya ghafla, kana kwamba mtu amefungua mlango watu wakiwa wameshaanza kuongea. Sababu ni kwamba ndivyo ilivyo. Wimbo mmoja unaingia kwenye mwingine bila kimya katikati. Mdogo wake, Frankie, alikuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam na habari za huko, na albamu nzima ni kama mtu aliyetoka mbali anayetazama nyumbani na kuuliza kumetokea nini. Swali haliulizwi mara moja. Wimbo wa mwisho unapokaribia kukatika, ile sauti ya wimbo wa kwanza inarudi, na unajikuta pale ulipoanzia, ukiwa umeshaona kila kitu. Nilikuwa na nyimbo zake tatu kwenye simu kwa miaka. Nilikuwa nimechukua sentensi tatu kwenye barua ya mtu na kuzibandika ukutani.

Siku ya 13 nilishindwa. Ilitoka Miss Perfumado ya Cesária Évora, ya mwaka 1992, na nilikuwa nimechoka na kazi. Wimbo wa nne au wa tano usingizi ukanichukua, nikaamka chumba kimya. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, kwani aliyeandika kikaratasi kile alikuwa amekiandika kwa mkono wa uangalifu sana na najua huyo mama wa Cape Verde ana maana gani kwake. Jioni iliyofuata sikugusa bakuli, niliirudia ile. Sielewi Krioulo, lugha anayoimbia. Lakini mtu asiyeelewa maneno hulazimika kusikia pumzi, na pumzi ya Cesária haina haraka yoyote. Anafika kwenye neno pale anapotaka yeye, na wapiga ala wanamngoja.

Kuna albamu zilizonipita bila kuacha alama, nazo sitazieleza. Nne au tano hivi. Moja sikuipenda kabisa, kelele zake zilinichosha tangu dakika ya kwanza, na nikaimaliza kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Hata hiyo ilinifundisha kitu. Kwenye dakika ya 30 na kitu kulikuwa na kipande kifupi cha gitaa peke yake ambacho nisingekifikia kamwe kwa desturi zangu za zamani. Bado siipendi, lakini sasa najua nisichokipenda ni nini, na hilo ni tofauti na kukimbia.

Jambo jingine ambalo nalisema kwa moyo wote: albamu nyingi za zama za sidii ni ndefu kupita kiasi. Sidii ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilibeba zaidi ya dakika 70, na baada ya hapo nafasi ilipokuwepo watu waliijaza. Nilipitia tatu za namna hiyo, na katika zote tatu nilihisi wimbo wa 12 au wa 13 umewekwa kwa kuwa palikuwa na pa kuuweka. Mtu aliyekuwa na dakika 22 upande mmoja ilimbidi aache wimbo mzuri nje.

Kisha zikaja albamu mbili zilizofuatana, kwa bahati ya mkono tu. Ya kwanza The Köln Concert ya Keith Jarrett. Tarehe 24 Januari 1975, katika ukumbi wa opera wa Köln, Ujerumani, aliletewa piano isiyokuwa ile aliyoiomba: ndogo, ya mazoezi, noti za juu nyembamba, za chini hazina nguvu, na pedali hazifanyi kazi sawasawa. Alikuwa na maumivu ya mgongo, hakuwa amelala vizuri, nusura akatae. Mwandaaji wa onyesho alikuwa msichana wa miaka 18. Jarrett akapiga, zaidi ya saa moja, bila chochote kilichoandikwa. Nilipolijua hilo baadaye nilirudia ile sehemu ya kwanza ya dakika 26 na nikasikia anavyokaa katikati ya piano, anavyorudiarudia kitu kilekile kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, kana kwamba anaibembeleza ala isimwangushe. Unamsikia akigugumia na kukanyaga chini. Ni moja ya albamu za piano zilizouzwa sana duniani, na piano yenyewe haikutakiwa kuwepo.

Jioni iliyofuata, Buena Vista Social Club. Machi 1996 wanamuziki kutoka Mali walitakiwa kufika Havana kurekodi pamoja na Wakuba, hawakufika. Studio ilikuwa imeshalipiwa, mipango imeshafanywa, basi wakatafutwa wazee wa mjini palepale. Compay Segundo alikuwa na miaka 88. Ibrahim Ferrer, mwimbaji, alikuwa akijipatia riziki kwa kung'arisha viatu. Rubén González, mwenye miaka 76, hakuwa hata na piano nyumbani. Siku sita tu wakawa wamemaliza, na albamu ikatoka mwaka 1997. Nilimsikiliza Rubén González peke yake kipande kizima, nikiacha sauti nyingine zote zipite. Vidole vya mtu aliyekosa piano kwa miaka, sasa ameiona.

Usiku huo nililitazama bakuli kwa namna nyingine. Nilikuwa nimelileta ili linizuie. Albamu mbili mfululizo zilikuwa zimetengenezwa na watu ambao jambo walilolichagua lilikataa, wakalichukua lililokuwepo na kulisikiliza mpaka likatoa muziki. Na mimi kwa miaka nilikuwa napata ninachokitaka kila dakika mbili, na mwisho wa siku sikumbuki nilichokipata.

Siku ya 17 ilitoka Exodus ya Bob Marley and the Wailers. Mwandiko wa dada yangu, mama yake yule mtoto.

Nilibonyeza nikakaa. Kimya. Nikadhani spika zimekufa. Nikainuka kuongeza sauti, na nilipokuwa nimeinama pale ndipo nikausikia muziki ukija kutoka mbali, kidogo kidogo, kama watu wanaotembea njiani wanaelekea kwako. Natural Mystic hauanzi, unawasili. Walikuwa wakipiga kabla sijafika.

Habari ya albamu hii nilikuwa naijua kwa juujuu. Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye bunduki walivamia nyumba yake Kingston, wakampiga risasi yeye, mkewe na meneja wake. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani na majeraha yake, kisha akaondoka Jamaika. Exodus ilirekodiwa London na kutoka Juni 1977. Upande wa kwanza wote ni mzito: wenye hatia, maneno ya watu, mataifa, na mwishowe safari ya kuondoka, wimbo wa Exodus wenyewe, zaidi ya dakika saba za mwendo usiosimama. Nikafika kwenye geuza nikasimama katikati ya chumba. Sikuwa na hamu ya kukaa.

Upande wa pili unafunguka na Jamming, na ni kama dirisha limefunguliwa. Mapenzi, kungoja, taa kupunguzwa. Na wimbo wa nne upande huo, baada ya yote yale, baada ya risasi na kuhama, ndipo wanakuja ndege watatu.

Nilikuwa nimeuimba wimbo ule maisha yangu yote kama wimbo wa watoto. Kwamba usihofu, kila kitu kitakuwa sawa. Niliudhani ni wa mtu ambaye hajapatwa na neno. Sasa niliusikia kwenye nafasi yake, wimbo wa tisa, kutoka kwa mtu aliyetoka kupigwa risasi nyumbani kwake, na sauti ni ileile nyepesi, haijaongezwa chochote. Machozi yalinitoka na sikuyapangusa. Dada yangu alikuwa na mwaka mgumu sana mwaka uliopita. Sikujua alikuwa anasikiliza nini.

Na mwisho wake? Niliusikia, nikavunjika moyo kidogo. Hauna mwisho. Wanarudia kiitikio, sauti inapunguzwa taratibu mpaka hakuna kitu, na One Love unaingia. Niliandika: "Kumbe wameufifisha tu. Sasa nitamwambia nini yule mtoto?"

Wiki ya tatu na ya nne zilikwenda haraka. Mwili ulikuwa umetulia, mkono hautafuti tena simu. Kuna jambo nililoligundua kwenye Songs for the Poor Man, ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, ya mwaka 1989. Ni Kiswahili, lugha yangu, na kwa sababu hiyo nilikuwa sijawahi kuisikiliza. Cesária nilimsikiliza kwa masikio yote kwa kuwa simwelewi. Remmy nilimwacha apite kwa kuwa nilijua nitaelewa. Sauti ya Mnyonge niliisimamisha baada ya kuisha, nikairudia, na safari hii nikayachukua maneno kama ya mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Tanzania mwaka 1978, akaimba juu ya maskini kwa Kiswahili. Magitaa matatu yanasemezana chini yake wala hayamkatizi. Wimbo unachukua muda wake mpaka uchemke, na ukishachemka unaelewa kwa nini ulipikwa polepole.

Kilichobaki ni kisa cha kikaratasi cha shangazi. Shangazi aliandika albamu mbili kwenye kikaratasi kimoja: mpiga piano Glenn Gould akipiga Goldberg Variations za Bach, ya mwaka 1955 na ya mwaka 1981, "zote usiku mmoja." Ya kwanza aliirekodi akiwa na miaka 22, dakika 38, vidole vinakimbia, furaha ya kijana anayejua anaweza. Ya pili ni dakika 51, katika studio ileile, kanisa la zamani la mtaa wa 30 New York, humohumo Miles alimorekodi Kind of Blue. Usiku ule wa 22 niliipenda ya kwanza kupita kiasi, ya pili ikanichosha. Niliandika: "Amezeeka, amepoa." Hukumu ya mstari mmoja, na nikalala vizuri.

Siku ya 29 nikaomba ruhusa kwa shangazi kwa simu niirudie hiyo ya pili badala ya kutoa kikaratasi. Akacheka akasema, "Nilikuwa nangoja, mwanangu." Muziki huo unaanza kwa wimbo mmoja mfupi, unafuatwa na vipande 30 vilivyojengwa juu yake, halafu mwishoni ule wimbo wa kwanza unarudi, noti zilezile. Safari hii nilisikia anavyouanza: polepole kiasi kwamba kila noti inasubiri iliyotangulia imalize kusema. Unamsikia akiimba chini kwa chini huku anapiga, hajizuii. Na uliporudi mwishoni, noti zilezile, nilikuwa na dakika 50 nyuma yangu na haukuwa wimbo uleule. Gould alifariki Oktoba 1982, siku chache baada ya kutimiza miaka 50. Nilifuta ile hukumu yangu daftarini kwa mistari miwili ya wino, kisha nikaona vibaya kuificha, nikaandika chini yake tarehe niliyoibadilisha.

Siku ya 30 dada alikuja na mwanawe. Vikaratasi vilikuwa bado vimebaki bakulini, na mtoto akataka kutoa kimoja. Nikamwambia leo kuna deni kwanza. Nikamweka kitini, mimi nikakaa chini, nikawasha Exodus kuanzia upande wa pili. Dada alibaki mlangoni. Mtoto alivumilia nyimbo tatu za kwanza akichezesha miguu, na ndege watatu walipoingia akakaa wima.

"Sasa sikiliza," nikamwambia, "mimi nitakuwa naongeza sauti kadiri wao wanavyopunguza."

Kiitikio kikaanza kufifia. Nikaongeza. Kikafifia tena, nikaongeza tena, mpaka kifundo cha sauti kikafika mwisho na spika zikaanza kuvuma. Mtoto aliteremka kitini, akaweka sikio karibu kabisa na kitambaa cha spika, akafumba macho. Walikuwa mbali sana sasa, lakini walikuwepo.

"Bado wanaimba," alinong'ona.

"Ndiyo."

"Hawajaacha. Wameenda nao."

One Love ukaingia kwa nguvu, sauti ikiwa juu vile, tukashtuka wote watatu. Nikarusha mkono kupunguza, na mazoea yakaupeleka mkono mbele zaidi, kwenye kitufe cha kusimamisha. Akanishika kidole.

"Acha, Mjomba. Huu nao tuungoje."